Hela ya tabianchi ikishaingia, kibali cha mgodi si kinakuja chenyewe?

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Mimi ni mjiolojia, ndo kwanza nimeanza kazi, niko kwenye kampuni changa inayotafuta lithiamu. Serikali imefungua dirisha la mikopo nafuu kwa miradi ya tabianchi na madini ya betri yamo kwenye orodha. Mabosi wanasema tukipata huo mkopo basi kibali cha mazingira tumeshakishika mkononi, maana serikali haiwezi kuweka hela yake halafu ikajikatalia yenyewe. Mimi roho inasita. Ni kweli? Na kama si kweli tuanze na kipi, hela au kibali?"

Jibu:

Ndugu yangu, roho yako iko sawa, isikilize. Hiyo hoja ya kwamba serikali haiwezi kujikatalia nimeisikia mara nyingi sana tangu nianze hii kazi ya tathmini za mazingira, na kila mara anayeitoa ni mtu wa fedha, sijawahi kuisikia kwa mtu aliyewahi kukaa meza ya wanaosaini vibali. Wanaosaini wanajua kwamba siku mambo yakiharibika jina litakaloitwa ni lao, si la aliyetoa mkopo.

Kosa la mabosi wako ni kuichukulia serikali kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja na akili moja. Anayetoa hela ya tabianchi mara nyingi ni wizara ya nishati au hazina au benki ya maendeleo, na mwisho wa mwaka huyo anaulizwa: hela itarudi? Madini yatatoka kweli? Hewa ukaa itapungua kiasi gani? Anayetoa kibali haulizwi chochote katika hivyo. Yeye anaulizwa kama maji ya chini ya ardhi yatashuka mita ngapi, kama mawe taka yatatoa tindikali, kuna kiumbe gani pale ambacho hakipo sehemu nyingine duniani, na nani alikuwa anaishi au anazika wafu wake hapo kabla ninyi hamjafika na mashine za kuchoronga. Wanaweza kuwa jengo moja hao watu, wanapanda lifti moja asubuhi, na bado sheria haimpi mmoja ruhusa ya kumwamini mwenzake kirahisi.

Sasa jambo ambalo mabosi wako nadhani hawalijui kabisa, na ndilo linaloigeuza hoja yao miguu juu: sehemu nyingi hela yenyewe ndiyo inayoita tathmini. Chukua Marekani, sheria yao ya NEPA ambayo Rais Nixon aliisaini tarehe 1 Januari 1970. Hiyo sheria haisemi "migodi ifanyiwe tathmini", inasema kila kitendo kikubwa cha serikali kuu kifanyiwe tathmini, na kutoa mkopo mara nyingi huhesabiwa kuwa kitendo. Yaani unaweza kuwa na mradi kwenye ardhi ya mtu binafsi, ambao kwa kawaida ungemalizana na ofisi za jimbo tu, lakini siku ukipeleka maombi ya mkopo Wizara ya Nishati umeshajiingiza mwenyewe kwenye tathmini ya serikali kuu na maswali yake yote. Umeenda kuomba hela, umerudi na mtihani wa pili.

Na hao wakopeshaji nao wana masharti yao ambayo mara nyingine ni makali kuliko ya kibali. Benki nyingi kubwa zimejifunga kwenye Equator Principles, kanuni za hiari za mabenki kuhusu mazingira na jamii, tangu 2003, na hizo kwa sehemu kubwa zinafuata viwango vya 2012 vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi. Kiwango namba 6 ni cha bioanuwai na namba 7 ni cha watu wa asili, na humo kuna suala la jamii kukubali kwa hiari yao, mapema na wakiwa na taarifa zote, jambo ambalo sheria za nchi nyingi hazijafika huko. Kwa hiyo unaweza kuwa na kibali halali kabisa, kina mhuri na sahihi, halafu mkopeshaji akakwambia kwangu hapa hujafaulu. Nimeona ikitokea, na si mara moja.

Ngoja nikupe mfano mmoja nikae nao kidogo kwa sababu unafanana sana na wenu. Rhyolite Ridge, jimbo la Nevada, kampuni ya ioneer, lithiamu na boroni. Pale mahali panaota mmea mmoja mdogo unaitwa kitaalamu Eriogonum tiehmii, Wamarekani wanauita Tiehm's buckwheat, una maua ya krimu yaliyoelekea njano, na duniani kote haupo sehemu nyingine zaidi ya hapo, tena eneo lenyewe ni kama hekta nne tu. Udongo unaoupenda ndio huo huo wenye lithiamu, ndo uone ubaya wa bahati. Mwaka 2020 mimea zaidi ya 17,000 ilikutwa imechimbuliwa na watu wakaanza kunyoosheana vidole, hii hujuma, hii kampuni, baadaye vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni wanyama jamii ya panya na kindi waliokuwa wanatafuta maji kwenye mizizi kipindi cha ukame. (Huwa nawasimulia vijana hii ili wajue kwamba kwenye kazi yetu hata panya anaweza kukusogezea ratiba.)

Sasa angalia tarehe. Desemba 2022 idara ya samaki na wanyamapori inauweka huo mmea kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Januari 2023, mwezi mmoja baadaye, Wizara ya Nishati ya serikali ile ile inatangaza ahadi ya mkopo wa hadi dola milioni 700 kwa mradi ule ule. Mabosi wako wangekuwa pale wangefungua soda. Lakini ile ilikuwa ahadi yenye masharti, na moja ya masharti ni kwamba tathmini ya mazingira ikamilike, kwa hiyo hela haikutoka. Kampuni ikarudi mezani, ikachora upya shimo la mgodi na sehemu za kumwaga mawe ili zikae mbali na mmea, na kibali kikatoka Oktoba 2024, karibu miaka miwili baada ya ile ahadi. Mkopo wenyewe ukasainiwa Januari 2025, ukiwa umepanda hadi dola milioni 996. Watetezi wa mmea nao hawakwenda kulala, walifungua kesi kama wiki moja tu baada ya kibali kutoka.

Kuna kipande kingine ambacho huwa hakisimuliwi. Februari 2025, kibali kipo, mkopo umesainiwa, mbia mkubwa Sibanye-Stillwater ambaye alikuwa aweke dola milioni 490 kwa nusu ya mradi akajitoa. Bei ya lithiamu ilikuwa imeporomoka zaidi ya asilimia 80 toka kilele cha mwishoni mwa 2022 na hesabu zikawa hazimkai. Kwa hiyo una kibali, una hela ya serikali, na bado huna mgodi. Idaho kulitokea kitu kama hicho kwenye kobalti, mgodi wa kampuni ya Jervois ulikuwa na vibali vyote, ujenzi ulikuwa ukingoni kabisa, wakausimamisha Machi 2023 kwa sababu ya bei, miezi michache baadaye wakapata dola milioni 15 za jeshi la Marekani na bado uzalishaji haukuanza. Hilo la bei si swali uliloniuliza, ila kwa vile ni kampuni changa nimeona nikutajie.

Turudi kwenye kibali. Kuna watu watakwambia basi dawa ni kukimbiza kibali kwanza kitoke haraka iwezekanavyo, ukishakuwa nacho unaenda kwa mkopeshaji kifua mbele. Hapo nakupa Thacker Pass, Nevada hiyo hiyo, mradi wa Lithium Americas. Tangazo la kuanza tathmini Januari 2020, uamuzi 15 Januari 2021, karibu mwaka mmoja tu, spidi ambayo kwa mgodi wa ukubwa ule watu walishangaa. Mwezi uliofuata mfugaji mmoja wa jirani akawa mahakamani, wakafuata wanamazingira, wakafuata makabila yanayosema mahali pale ni patakatifu kwao na mababu zao waliuawa pale. Kesi ikala miaka miwili. Februari 2023 jaji akakataa kufuta kibali lakini akairudisha kwa ofisi iliyotoa kibali hoja moja tu: je kampuni ilionyesha kwamba ina haki ya kumwaga mawe taka kwenye ile ardhi? Ona hiyo. Hoja haikuwa tabianchi wala betri, ilikuwa lundo la mawe na sheria ya madini ya mwaka 1872, sheria ya enzi za punda na koleo. Rufaa ikaisha Julai 2023, kampuni ikashinda, na mkopo wa dola bilioni 2.26 ukafungwa Oktoba 2024. Walifika, sikatai. Lakini ile miaka waliyookoa ofisini waliilipa mahakamani kwa mawakili, na kwa kampuni changa kama yenu isiyo na akiba sijui kama mngefika.

Kwa hiyo mi nikiulizwa kibali kizuri ni kipi sisemi kilichotoka mapema, nasema ambacho mpinzani mwenye hasira na wakili mzuri amekipekua ukurasa kwa ukurasa akakosa pa kushika.

Sasa hili neno "madini ya kijani", maana najua mabosi wako watalitumia mpaka kwenye bango la getini. Mimi siyo mpinzani wa hayo madini, naomba nieleweke. Shirika la kimataifa la nishati, IEA, lilionyesha mwaka 2021 kwamba gari la umeme linakula madini mara sita ya gari la kawaida, na hayo yatatoka ardhini, hayatatoka kwenye hotuba. Lakini faida ya tabianchi inagawanywa kwa dunia nzima, kila mtu anapata kidogo mno hata haioni, na hasara ya mgodi inakaa kwenye bonde moja, kwenye mto mmoja, kwa watu ambao unaweza kuwahesabu kwa majina. Ukienda kwenye mkutano wa hadhara ukamwambia mama ambaye kisima chake kiko mita mia nne kutoka kwenye bwawa lenu la topesumu (lile tope linalobaki baada ya kuchenjua mawe) kwamba mradi huu unaokoa sayari, atakuangalia tu. Ameuliza kuhusu kisima. Mjibu kuhusu kisima.

Serbia ni shule nzuri ya hilo. Mradi wa Jadar wa Rio Tinto, lithiamu, bonde la wakulima. Serikali ikafuta vibali Januari 2022 baada ya watu kufunga barabara nchi nzima, Julai 2024 mahakama ya katiba ikasema kufuta kule kulikuwa kinyume cha katiba, vibali vikarudishwa, Agosti makumi ya maelfu ya watu wakajaa Belgrade. Juni 2025 Umoja wa Ulaya ukaupa ule mradi jina la mradi wa kimkakati. Kwa aliyeko bondeni jina hilo halikubadilisha kitu, hofu yake ya maji ilibaki pale pale.

Na upande wa pili wa hilo ni Juukan Gorge, Australia, Mei 2020. Yale mapango yalikuwa na dalili za watu kuishi humo miaka 46,000 iliyopita, Rio Tinto hao hao wakayalipua, na walikuwa na ruhusa, ruhusa halali ya tangu 2013. Mkurugenzi mkuu aliondoka kwa sababu ya mlipuko ambao kisheria ulikuwa sawa! Yale ni madini ya chuma siyo lithiamu, lakini nakutajia kwa sababu wakopeshaji wote walisoma ile habari na toka hapo maswali yao kuhusu urithi wa kale yameongezeka.

Umenikumbusha swali ambalo hujaliuliza ila liko nyuma ya hoja ya mabosi: kwamba vibali ndivyo vinavyochelewesha kila kitu na hela ya serikali itavisukuma. IEA hao hao walikokotoa kwamba toka kugundua madini mpaka kuzalisha ni wastani wa zaidi ya miaka 16, watu wa siasa wanaipenda sana hiyo namba, wanaitaja kama vile miaka yote 16 faili lilikuwa kwenye droo ya mtu wa mazingira. Siyo. Sehemu kubwa, kama miaka 12 na ushee, ni kutafuta, kuchoronga, upembuzi yakinifu na kuhangaikia mtaji, na kibali kiko humo ndani pamoja na hivyo vingine. Miradi mingi niliyofanya ilisubiri hela kuliko ilivyosubiri saini.

Serikali kweli zimejaribu kuweka muda. Ulaya kwenye sheria yao ya malighafi muhimu iliyoanza kutumika Mei 2024, mradi wa kimkakati wa kuchimba unatakiwa upate jibu ndani ya miezi 27, wa kuchenjua au kurejeleza miezi 15. Ukisikia hivyo unafurahi, mpaka usome maandishi madogo: ule muda wako wa kuandaa ripoti ya tathmini hauhesabiwi, na saa inaanza kugonga faili likikubaliwa kuwa limekamilika. Kama faili lako lina mapengo saa haijaanza hata. Marekani nao Juni 2023 waliweka miaka miwili kwa tathmini kubwa na kurasa 150, au 300 kama mradi ni mgumu kupita kawaida, ila viambatisho havihesabiwi, basi unajua kilichotokea, ripoti imekonda na viambatisho vimenenepa. Mei 2025 mahakama yao ya juu ikaongeza kwamba majaji wasijifanye wataalamu kuliko ofisi na ofisi zisilazimike kufuatilia athari za miradi mingine iliyo mbali na mradi ulio mezani. Hayo yanasaidia kidogo. Hayachimbi kisima cha kupimia maji.

Kama kuna hela ya tabianchi iliyotumika kwa akili kwenye mambo ya vibali, kwangu mimi ni ile ambayo hakuna aliyeipigia picha. Kwenye ile sheria kubwa ya tabianchi ya Marekani ya Agosti 2022 kulikuwa na dola milioni 350 kwa ajili ya baraza linaloratibu vibali, yaani hela ya kuajiri watu na kuwapa vifaa. Ofisi ambayo ina mtaalamu mmoja wa maji ya chini ya ardhi kwa miradi arobaini itachelewa hata uipe sheria ya miezi mitatu. Na akichoka atafanya moja kati ya mawili, atasaini bila kusoma au atarudisha faili na maswali hamsini ili apate muda wa kupumua, yote mabaya kwenu.

Kuhusu bwawa la topesumu sitakaa sana ila ni lazima niseme kwa sababu wasoma mafaili siku hizi wanaanzia hapo. Mount Polley, Kanada, Agosti 2014, ukuta uliachia na kama mita za ujazo milioni 25 za maji na tope zikaenda, na jopo lililochunguza likakuta kwamba waliosanifu hawakuielewa tabaka laini la udongo chini ya ukuta. Brumadinho, Brazil, tarehe 25 Januari 2019, watu 270 walikufa, na lile bwawa lilikuwa na cheti cha kuonyesha liko imara. Toka Agosti 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha kusimamia haya mabwawa na mkopeshaji makini atakuuliza kama mnakifuata hata kama sheria ya nchi haijakitaja. Wewe mjiolojia hii ni zamu yako, usiwaachie wahandisi peke yao: chini ya pale ambapo ukuta utakaa kuna nini? Mmechoronga pale, au mmechoronga kwenye lithiamu tu? Kampuni changa karibu zote zinachoronga kwenye lithiamu tu.

Haya, tuanze na kipi. Jibu langu ni kwamba siyo hela wala kibali, ni data ya hali ya awali, maana ndiyo itakayoliwa na pande zote mbili na haiwezi kununuliwa kwa haraka hata uwe na mkopo wa aina gani. Kiangazi hakiji mara mbili kwa mwaka kwa sababu umelipa. Maji yanatakiwa yapimwe msimu wa mvua na msimu wa ukame, mwaka mzima kwa uchache, miwili ni afadhali. Kipimo cha kuyaweka mawe maabara na kuyalowesha wiki hadi wiki kuona kama yatatoa tindikali kinaenda wiki 20 kwa uchache, na mara nyingi kinapitiliza mwaka. Mimea inatafutwa ikiwa na maua, ukienda mwezi usio wake utaandika "hakuna kitu" halafu mpinzani wako ataenda mwezi wenyewe na kamera. Niliwahi kuitwa kama mshauri elekezi kwenye mradi mmoja, siutaji, uliokuwa umekosa data ya msimu mmoja wa mvua kwa sababu mtu wa manunuzi alichelewa kulipia vifaa vya kupimia maji, wiki sita tu alichelewa, wakasubiri msimu mwingine mzima huku ahadi yao ya fedha ikiwa na tarehe ya mwisho. Ilipita.

Mkishaanza hiyo, ndipo mnamfuata mkopeshaji, na mnamfuata mapema, kabla hadidu za rejea za tathmini hazijapitishwa. Mwulizeni anataka nini kiwemo ili tathmini iwe moja inayomtosha yeye na mwenye kibali. Hii wengi wanairuka, wanamaliza ripoti ya kibali, wanaenda kwa mkopeshaji, anawaambia hamkuangalia makazi muhimu ya viumbe kwa kiwango changu, rudini porini. Gharama mara mbili na wanakijiji wanachoka kuulizwa maswali yale yale na watu wenye fulana tofauti.

Halafu kuna mtego mmoja ambao umewanasa watu wazima na akili zao. Makaratasi ya mkopo yanaandikwa na watu wa fedha na ripoti ya mazingira inaandikwa na sisi, na hawa wawili hawaongei. Kwenye maombi ya mkopo mgodi ni mkubwa, utazalisha miaka 40, tani za hewa ukaa zitakazookolewa ni nyingi mpaka raha. Kwenye ripoti ya mazingira mgodi umekuwa mdogo, miaka 20, maji kidogo, vumbi kidogo. Makaratasi yote mawili sehemu kubwa yataishia hadharani. Mpinzani anayaweka meza moja, anachora mstari chini ya namba zisizofanana, na hapo hata kama hukudanganya umeshaonekana mwongo. Na gesijoto zenu wenyewe mziandike, dizeli ya malori, umeme, na kama mtachenjua kwa asidi ya salfuriki basi na kiwanda chake, msiweke zile za kwenye magari ya umeme ya watu tu. Wewe ukiwa mdogo kwenye kampuni hiyo ndiyo kazi naweza kukupa uifanye kimya kimya, chukua ripoti zote mbili kaa nazo jioni moja na kalamu nyekundu.

Kuhusu masharti ya ahadi ya mkopo, yasomwe neno kwa neno na mtu wa mazingira, siyo mwanasheria wa fedha tu. Angalia kama ina tarehe ya kufa, na kama inadai muundo wa mgodi usibadilike, maana tathmini ya kweli huwa inabadilisha muundo, ndiyo kazi yake, Rhyolite Ridge walichora upya. Mkijifunga kwamba shimo halitasogea hata mita moja mtakuwa mmemfanya mtathmini awe mpiga muhuri na mahakama zinanusa hilo haraka. Angalia pia kama mkopo unalipia dhamana ya kufunga mgodi, mara nyingi haulipii, na hiyo dhamana inadaiwa kabla hujatoa hata kilo moja. Nimeona kampuni yenye ahadi ya mamilioni inahangaika kuazima hela ya dhamana.

Usiende kwa mabosi na hotuba. Nenda na swali moja tu: visima vya kupimia maji tunavyo vingapi, na kipimo cha kwanza kilichukuliwa tarehe gani? Wakikujibu niandikie hayo majibu, pamoja na ramani ya pale mnapotaka kuweka bwawa, ndipo tuendelee kuongea kuhusu mkopo.